Kijiko cha Tatu

Kiswahili chetu kinatumia neno moja kwa mambo mawili. Mgeni akikaa tunasema "mletee sukari", na mzee akirudi kutoka zahanati na karatasi yake tunasema "kumbe ana sukari". Hakuna anayechanganya. Lakini hilo neno moja ndilo linalogombanisha watu hapa kambini: wahudumu wa afya wanasema punguzeni, wazee wanasema mmetuachia kitu gani kingine, na sisi vijana tuko katikati tumeshika birika. Nilitaka kujua kama ugomvi huu ni wa kwetu peke yetu. Si wa kwetu. Una umri mkubwa, na ndani yake kuna malkia, kuna madaktari, kuna vita ya dunia nzima.

Mwanzo wake nitaupita haraka. Muwa ulianza kulimwa New Guinea maelfu ya miaka iliyopita. Watu wa India ndio waliojua kuchemsha maji yake mpaka yakawa chembechembe, kisha Waajemi na Waarabu wakaufikisha mbali zaidi. Ulaya, sukari ilikuwa kitu cha wafalme, iliuzwa pamoja na dawa na viungo. Mwaka 1598 msafiri mmoja Mjerumani, Paul Hentzner, alimwona Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza akaandika kwamba meno yake yalikuwa meusi, na akasema hiyo ni kasoro ya Waingereza kwa kupenda mno sukari. Yaani siku zile aliyeumia kwanza ni tajiri. Maskini aliponea kwenye umaskini wake.

Baadaye ikawa kinyume. Ili sukari iwe nyingi na rahisi, Wazungu walilima miwa São Tomé, Brazili na visiwa vya Karibi, na waliolima ni watu wetu. Waafrika zaidi ya milioni 12 walipakiwa kwenye meli kuvuka Atlantiki, na sehemu kubwa yao walipelekwa kwenye nchi za miwa. Na tusijifanye hayo yalikuwa mbali tu. Pangani, hapa hapa pwani ya Tanzania, karne ya 19 kulikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa, na Abushiri, yule tunayemsoma shuleni kwamba aliwapiga Wajerumani mwaka 1888, alikuwa mwenye shamba la miwa. Kitabu cha darasani hakikuniambia hilo.

Sukari iliposhuka bei ikaingia kwenye chai ya mfanyakazi wa kiwandani Uingereza. Mwaka 1874 serikali yao ilifuta kabisa ushuru wa sukari. Msomi Mmarekani Sidney Mintz aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili mwaka 1985, na hoja yake mojawapo ni kwamba chai yenye sukari ilimpa mfanyakazi nguvu ya haraka kwa senti chache, bila kupoteza muda wa kupika. Mama anayeamka saa kumi na moja kwenda kutafuta kuni anajua maneno hayo bila kusoma Mintz. Kikombe kimoja chenye vijiko vitatu, na safari inaanza.

Na sisi wa Kivu ya Kusini tuna chetu cha kukumbuka. Karibu na Uvira, kwenye bonde la Ruzizi, kulikuwa na kiwanda cha sukari cha Kiliba. Wazazi wetu wanakitaja kama watu wanavyomtaja ndugu aliyepotea. Kilisimama wakati wa vita vya 1996, na wengi waliokula sukari yake ndio walewale wanaozeeka Nyarugusu sasa. Kwetu hata soda tunaiita sukre, yaani tumeipa jina la sukari yenyewe.

Sasa nifike kwenye kisa kilichonifanya niandike.

Kabla ya mwaka 1922 mtoto akipata kisukari, ile aina inayowapata watoto, alikuwa anakufa. Nieleze vizuri hapa: aina hiyo haitokani na kula sukari. Mwili wenyewe unaacha kutengeneza insulini, basi hata ukila ugali, sukari inabaki kwenye damu haina mlango wa kuingilia. Marekani kulikuwa na daktari, Frederick Allen, aliyegundua kwamba ukimnyima mgonjwa chakula, anaishi muda mrefu kidogo. Si kumnyima pipi tu. Kumnyima chakula. Mgonjwa alifungishwa mpaka mkojo wake usionyeshe sukari, kisha anaongezewa kidogo kidogo, mboga zilizochemshwa mara tatu, yai, kipande cha nyama, vyote kwenye mizani. Mkojo ukionyesha sukari tena, anarudi kufunga.

Allen hakuwa mtu mkatili. Alikuwa hana kitu kingine. Lakini soma kisa hiki: katika wagonjwa wake alikuwepo mvulana wa miaka 12 ambaye kisukari kilikuwa kimekwisha kumpofusha macho. Alifungiwa ndani, akaangaliwa, lakini sukari ikawa inaonekana kwenye mkojo wake na wakashindwa kujua anapata wapi chakula. Mwisho wakagundua. Alikuwa anakula dawa ya meno, na mbegu za kulisha ndege kutoka kwenye kizimba cha ndege. Wakazidi kumbana, naye akafa, amekonda mifupa mitupu.

Mwingine alikuwa msichana, Elizabeth Hughes. Baba yake, Charles Evans Hughes, alikuwa gavana wa New York, na baadaye akawa waziri wa mambo ya nje wa Marekani. Kwa hiyo fedha haikuwa shida, na ndiyo maana kisa chake kinanigusa, maana kwa ugonjwa ule fedha haikununua chochote isipokuwa mtu wa kupima chakula. Alianza kuumwa mwaka 1919 akiwa na miaka 11. Miaka mitatu na zaidi aliishi kwa mizani ya Allen. Mwezi wa nane mwaka 1922, alipofikishwa Toronto, Kanada, alikuwa anakaribia miaka 15 na uzito wake ulikuwa kama kilo 20 tu. Huo ni uzito wa mtoto anayeanza darasa la kwanza.

Toronto alikuwepo daktari Frederick Banting. Mwezi wa kwanza mwaka huohuo, yeye na wenzake walikuwa wamefanikiwa kumtibu kwa insulini mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson. Elizabeth akachomwa sindano, akaanza kula. Alimwandikia mama yake barua kumwelezea mkate, mkate mweupe wa kawaida, kama mtu anayeelezea harusi. Alikua, akasoma chuo, akaolewa, akazaa watoto watatu, akafa mwaka 1981 akiwa na miaka 73. Karibu maisha yake yote alificha kwamba ana kisukari.

Ukikutana na kisa hiki mara ya kwanza unasema: basi, wahudumu wa afya wameshinda. Jinyime leo, kesho italeta sindano. Mimi pia niliondoka na wazo hilo. Kisha nikamkumbuka yule mvulana wa mbegu za ndege. Wote wawili walijinyima, au walinyimwa. Mmoja dawa ilimkuta hai. Mwingine alikufa na njaa juu ya ugonjwa, na siku zake za mwisho zilikuwa za kuiba dawa ya meno. Hakuna aliyeweza kuwaambia mapema nani atakuwa nani.

Niliwasimulia wazee wawili watatu habari za Elizabeth, tukiwa tumekaa nje. Mzee mmoja mwenye sukari, nikimwita papa kama tunavyoita kwetu, alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Huyo mtoto alingoja sindano miaka mingapi?"

"Mitatu na kidogo, papa."

"Mimi niko hapa tangu mwaka 1997."

Hakusema kitu kingine. Najua alikuwa hazungumzii insulini. Anazungumzia kurudi nyumbani, au ndege ya kwenda nchi ya tatu, au chochote kile tunachokingojea hapa. Mnapomwambia mtu wa namna hiyo apunguze ili aongeze miaka, yeye anasikia: ongeza miaka ya kungoja. Nyinyi wa mashirika mnaosoma ukurasa huu, naomba msilichukulie kama ujinga wa mtu asiyesoma. Ni hesabu. Ameipiga kwa namba alizonazo.

Lakini bado sijakubaliana naye, na sababu yangu iko kwenye historia nyingine, ya mgao.

Neno la mgao tunalo tangu zamani. Posho ilikuwa chakula cha siku cha mpagazi na cha kibarua, unga uliopimwa. Uganda neno hilo likawa jina la ugali wenyewe. Sisi tunajua kupanga mstari na kadi mkononi. Wengi wetu tunadhani ni mambo ya wakimbizi. Kumbe Waingereza wote, na nchi yao yenye himaya, waliishi kwa kadi miaka 14. Vita vilipoanza meli za chakula zikawa zinazamishwa na Wajerumani, basi Januari 1940 serikali ikaanza mgao: nyama ya nguruwe, siagi, sukari. Kila mtu alikuwa na kitabu chake, mwenye duka anakata au anapiga muhuri. Chai ikafuata mwaka huohuo, na pipi mwaka 1942. Vita viliisha 1945 lakini mgao uliendelea, hata mkate ambao haukuwa na mgao wakati wa mabomu uliwekewa mgao mwaka 1946.

Sukari kwa muda mrefu ilikuwa wakia 8 kwa wiki kwa mtu mmoja, kama gramu 227. Gawa kwa siku saba: gramu 32, vijiko vidogo nane. Hebu tupige hesabu ya kwetu. Vikombe vitatu vya chai kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe, ni vijiko tisa, na hapo kijiko kiwe cha kusawazisha, si kile chetu cha mlima. Mzee wangu anamzidi kijiko kimoja Mwingereza wa wakati wa Churchill.

Waingereza walizoea? Hapana. Aprili 1949 serikali ilifungulia pipi ziuzwe bila kadi. Watu walijaa madukani, pipi zikaisha, na mwezi wa nane mwaka huohuo mgao ukarudishwa. Miezi minne tu. Zilifunguliwa kabisa Februari 1953, watoto wakavunja vibubu vyao kwenda kununua. Septemba 1953 sukari nayo ikaachiwa. Baada ya hapo, wastani wa sukari wanayokula ulipanda kutoka kama gramu 41 kwa siku mpaka karibu 80 kwa muda mfupi. Mara mbili! Watu waliofundishwa kiasi kwa miaka 14, wamefungiwa mlango, siku mlango unafunguka hawakutembea, walikimbia.

Hiyo tarehe ya Septemba 1953 imewasaidia watafiti. Mwaka 2024 watafiti akiwemo Tadeja Gracner walitoa utafiti kwenye jarida la Science. Walichukua Waingereza kama 60,000 waliozaliwa miaka ile ya 1951 mpaka 1956, wakalinganisha waliokuwa tumboni na uchanga wakati wa mgao na waliokuja baada. Wale wa mgao, walipokuwa watu wazima, walikuwa na hatari ndogo zaidi ya kisukari cha ukubwani, kwa asilimia kama 35, na presha kwa asilimia kama 20. Hata waliougua, kisukari kilichelewa kama miaka minne, na presha miaka miwili.

Miaka minne bila sindano ya kujichoma, bila kidonda cha mguu kisichopona. Hapo ndipo ninapomwacha mzee wangu kwenye hoja yake. Yeye anasema miaka ya mwisho ya kungoja haina maana. Lakini kisukari hakikati miaka ya mwisho tu kama mkia wa kamba. Kinaharibu ile ya katikati: macho, figo, miguu. Mtu anayengoja akiwa kipofu bado anangoja.

Pia tazama nani alifaidika. Si mama aliyekuwa anakunywa chai yake chungu mwaka 1952. Ni mtoto aliyekuwa tumboni mwake, ambaye hakuulizwa. Hapa kambini wajawazito ni wengi, na watoto wengine wanapewa chai ya sukari kabla hawajaota meno, kwa sababu inawanyamazisha. Kwa mzee nitakuwa na huruma. Kwa mtoto wa miezi minane nitasema wazi: hiyo chai si ya kwake.

Msije mkafikiri njaa ni dawa. Majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945 Wajerumani walizuia chakula kuingia magharibi mwa Uholanzi. Mgao ulishuka chini ya kalori 1,000 kwa siku na watu zaidi ya 20,000 wakafa. Watoto waliokuwa tumboni wakati huo walipimwa huko Amsterdam wakiwa na umri kama wa miaka 50, na miili yao ilikuwa inashindwa kuimudu sukari kuliko ya wenzao. Mgao wa Uingereza ulipunguza sukari lakini watu walishiba viazi na mkate. Wa Uholanzi ulikuwa njaa. Kwa hiyo mgao wetu unapokatwa, na umekatwa zaidi ya mara moja, anayekata asitufariji kwa hesabu za sukari ya Uingereza.

Madaktari wa Afrika Mashariki walishaona mambo haya yakija. Hugh Trowell, Mwingereza, alifika Kenya mwaka 1929, baadaye akafundisha na kutibu Mulago, Kampala. Kwa miaka mingi aliona Waafrika wachache sana wenye presha au kisukari, na mwaka 1960 akatoa kitabu juu ya magonjwa yasiyoambukiza Afrika. Aliporudi kutembea mwaka 1970, kliniki za kisukari zilikuwa zimejaa. Yeye alilaumu vyakula vilivyokobolewa. Mimi naongeza jambo moja: aliyekufa kwa malaria akiwa na miaka 30 hakupata nafasi ya kuugua sukari. Sehemu ya ugonjwa huu imekuja kwa sababu tunaishi. Bibi yangu asingeitwa mgonjwa wa presha kama asingefika umri wa presha.

Sasa nirudi kwa wale wa mashirika, maana kuna lawama moja naisikia kila mara: "Wanauza unga wa mgao ili wanunue sukari." Ni kweli, watu wanauza. Kwenye mgao hakuna sukari, na kilo za unga ndiyo pesa pekee iliyomo ndani ya nyumba. Lawama hii nayo ni ya zamani. Mwaka 1937 mwandishi Mwingereza George Orwell alitoa kitabu juu ya watu wasio na kazi kaskazini mwa Uingereza. Matajiri walikuwa wanawashangaa maskini wale: kwa nini wananunua chai na sukari na mkate mweupe, si karoti na mkate mzito wenye afya? Orwell aliwajibu kwamba mtu asiye na kazi, mwenye kuchoshwa, hatamani chakula kikavu cha afya, anatamani kitu chenye ladha kidogo. Anayekula karoti kwa hiari ni yule ambaye siku yake ina mambo mengine matamu. Orwell mwenyewe alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara, na kifua kikuu kilimuua mwaka 1950 akiwa na miaka 46, kwa hiyo hakuwa mwalimu wa afya. Ila kwa hili alisema kweli.

Nafanya kazi na vijana, na tuna chai kila Jumamosi baada ya mazoezi ya mpira. Zamani sukari ilimiminwa kwenye sufuria na mpishi, kwa mkono wake anavyojisikia. Tulikubaliana, kwa mabishano marefu jamani, iwekwe pembeni kwenye bakuli, kila mtu ajitilie. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula chote cha siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, yaani kama gramu 25, vijiko sita. Tumeandika "6" kwa chaki kwenye bati. Hakuna anayekatazwa cha saba. Wengine wanatia viwili, wengine vinne, msichana mmoja ameacha kabisa na anasema chai ina ladha ya majani, kitu alichokuwa hajui. Sukari iliyokuwa inaisha kwa Jumamosi mbili sasa inafika ya tatu.

Papa naye huwa anapita hapo akitoka kwenye maombi. Ametia kijiko kimoja, akakoroga, akaonja, akanitazama. Akatia cha pili. Cha tatu alikiinua, akakishika juu ya kikombe akiendelea kuzungumza habari za Kiliba, jinsi harufu ya miwa inayochemshwa ilivyokuwa inafika mpaka barabarani. Sikusubiri kuona alikifanya nini. Kulikuwa na foleni nyuma yake na birika lilikuwa linapoa.